Kitenzi Nilichokielewa Bigwa

Nilitoka kwetu Bonde kwa miguu, na mama yangu nilimwambia nakwenda kutafuta kazi. Haikuwa kweli. Kazi nilikuwa nayo. Nilikuwa nafundisha watoto kusoma katika kijiji cha misheni ya Waingereza, misheni ile ile iliyonisomesha hadi shule yao ya juu. Lakini nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minane, na kila nilipoona watu wamejitwisha mizigo wanaelekea mahali, nilitamani kuwafuata. Mpaka leo, nimepita arobaini na nywele zimeanza kunikimbia, ugonjwa huo haujaniacha.

Nilibeba blanketi, sufuria ndogo na kitabu cha sarufi ya Kiingereza ambacho jalada lake lilikuwa limeliwa na mchwa. Nilishuka Korogwe, nikavuka mto, nikaingia Handeni wakati wa kiangazi. Maji tuliyapata kwa kuchimba mchanga kwa mikono na kungoja. Baada ya hapo ilikuwa miombo tu, siku baada ya siku, miti isiyo na majani na njia nyembamba katikati yake. Nililala kwa watu nisiowajua. Hakuna aliyenifukuza, ingawa kuna bibi mmoja wa Kizigua aliyeniuliza kama nimeua mtu kwetu, maana hakuona sababu nyingine ya kutembea hivyo.

Siku ya kumi na tatu, baada ya kuvuka Wami, niliona wingu jeusi upande wa kusini. Nikaanza kutafuta pa kujikinga. Mpagazi niliyefuatana naye tangu Handeni akatua mzigo ili acheke vizuri.

"Ndugu, unakimbia nini? Hilo si wingu. Ndiyo Uluguru hiyo."

Nilisimama. Sisi wa Bonde milima tunaijua, Usambara tunaiona tukiamka. Lakini ile imezungukwa na vilima vidogo vinavyokuandaa. Hii ilikuwa imesimama peke yake kutoka tambarare, kama mtu aliyeinuka ghafla katika baraza la watu walioketi. Tulitembea siku tatu nzima tukiielekea, na haikuonekana kusogea. Jioni ya tatu nikaona mito inashuka kwenye mbavu zake, myeupe, mingi kuliko nilivyoweza kuhesabu, wakati huku chini nchi yote ilikuwa imekauka. Nikajua hapa nitakaa kidogo.

Mjini Morogoro palikuwa na gari la moshi, maduka ya Wahindi, na boma la Wadachi, yaani Wajerumani, juu ya kilima. Kiingereza changu hakikuwa na soko. Karani mmoja wa boma aliniuliza elimu yangu, nikamwambia.

"Kiingereza! Utasema na nani hapa, na mbuzi?"

Kumbe Mwingereza mmoja alikuwapo. Alikuwa mtu mfupi mwenye ndevu nyekundu, anatafuta ulanga, lile jiwe linalobanduka karatasi kwa karatasi, ukiliinua juani unaona vidole vyako upande wa pili. Kidachi alikijua kidogo na Kiswahili hakukijua kabisa, naye alihitaji mkalimani wa kupanda naye mlimani. Akanichukua siku hiyo hiyo.

Nilipanga Bigwa, chini kabisa ya mlima, kwa mama mmoja mjane wa Kiluguru aliyekuwa mfinyanzi. Vyungu vyake vilijulikana mpaka ng'ambo ya mto. Aliketi chini, miguu ameinyosha, akizungusha mikunjo ya udongo kwa mkono bila gurudumu wala kipimo, na chungu kikatoka duara kama mwezi. Udongo aliuchukua juu, kwenye mteremko wa ukoo wake, karibu na chemchemi. Mwanamume hakuruhusiwa kuuchimba. Mashamba ya dada zake na wapwa wake yalikuwa huko huko, viazi, maharage na migomba, na juu yake makaburi yao.

Mama huyu alipenda maneno. Kila nilipotoka kazini aliniuliza, bila kuinua macho kwenye chungu chake.

"Leo mzungu wako kasema nini?"

"Yale yale, mama. Hiki ni cha nani, kile ni cha nani."

"Kwa lugha ya kwao anasemaje?"

Nikamwambia: belong. Akalirudia mara tatu akicheka. "Bilong! Linalia kama kengele ya mapadri. Haya, nifundishe."

Nikamfundisha kama nilivyofundishwa. Sisi tunasema tu wa, cha, ya, na mambo yamekwisha. Waingereza wamelifanya kitenzi, kana kwamba kuwa wa mtu ni kazi inayofanywa. Kitu kinatangulia, kinafuata kitenzi, kisha kijineno kidogo cha kuelekezea, halafu mwenyewe. Nyumba hii, belong, kwako. Na zaidi ya hapo, kitenzi hiki hakikubali kusemwa kama jambo linaloendelea sasa hivi. Unaweza kusema mtu analima, anapika, anakwenda, lakini hiki hakikubali "ana" hiyo. Bibi mwalimu wetu, Mwingereza mwembamba aliyeugua homa kila mwezi, aliikata sentensi yangu kwa wino mwekundu akaniambia kwamba jambo hili halianzi wala halimaliziki mbele ya macho yako. Lipo.

"Na mbuzi anasemwa hivyo?" mama akauliza.

"Anasemwa."

"Na mtoto?"

"Na mtoto."

"Na mtu na kwao?"

"Hata hilo linasemwa. Mtu anaweza kuwa wa mahali."

Akafikiri, kidole gumba kikiendelea kulainisha ukingo. "Neno lenyewe lilitoka wapi?"

Hilo nalo bibi mwalimu alitwambia, siku moja homa ilipomwacha. Alisema ndani ya kitenzi hicho mna neno la kale sana, la wakati Waingereza wenyewe walikuwa watu wa msituni, nalo ni ndugu wa neno lao la urefu. Maana yake ya kwanza ilikuwa kwenda sambamba na kitu, ubavu kwa ubavu, urefu wake wote, kama njia inavyofuatana na mto. Mambo ya kumiliki yalikuja baadaye. Niliandika hayo daftarini, nikafaulu mtihani, nikayasahau.

"Huyo mwalimu wako alikuwa na akili," mama akasema, akageuza chungu.

Miezi minne ikapita. Siku moja yule Mwingereza akapata alichokuwa akikitafuta. Ulanga mzuri, vipande vipana kama sahani, vimechomoza ardhini baada ya mvua. Na mahali penyewe palikuwa pale pale, mteremko wa ukoo wa mama, hatua chache juu ya chemchemi.

Utaratibu wa serikali ulikuwa huu: ardhi isiyo na mwenyewe wa tangu zamani ilikuwa ya serikali, na bwana shauri wa boma aliweza kumpa mchimbaji. Aliyefyeka juzijuzi alifidiwa mazao yake, akaondoka. Kwa hiyo ilimpasa Mwingereza apande, amuulize mwenye mahali, aandike jibu, alipeleke bomani. Tukapanda asubuhi, ukungu umetanda, maji yanasikika kila upande bila kuonekana.

Mwenye mlima anaitwa mndewa, ndiye mkuu wa ukoo na mlinzi wa ardhi yake. Nilitazamia mzee. Tuliyemkuta alikuwa mtu wa rika langu, kifua wazi, jembe mkononi, jasho linamtoka.

"Karibuni. Bwana, usikanyage hapo, nimepanda viazi."

Tulipokuwa tunasalimiana akapita mzee mwenye mvi kichwa kizima, ameinama kwa mkongojo. Akasimama mbele ya yule kijana, akasema, "Shikamoo, baba."

"Marahaba," kijana akajibu, bila aibu hata kidogo. Mzee akaenda zake. Mimi nilicheka kimoyomoyo, nikidhani wanataniana.

Mwingereza akauliza swali lake, na kitenzi chake kilikuwamo. Nikatafsiri, "Bwana anauliza mlima huu ni wa nani."

"Wangu."

"Uliupata vipi?"

Kijana akaegemea jembe. "Nilikuja na mama yangu na dada zangu wawili, tumetoka ng'ambo ile. Hapa palikuwa msitu mtupu, hapana mtu. Nikafyeka mimi. Mto huu nikaupa jina mimi. Ule mkuyu pale makaburini ni fimbo yangu ya safari, niliichomeka nikalala, ikachipua."

Nilitafsiri neno kwa neno. Nilijivuna hata, maana sikubabaika mahali popote.

Mwingereza akamtazama. "Huyu ana miaka mingapi?"

Nikakisia. "Thelathini hivi."

"Na amefyeka yeye mwenyewe, hapakuwa na mtu?"

"Ndivyo anavyosema, bwana."

Akaandika kwa furaha, akapiga mstari chini ya maneno. Aliliweka jambo wazi kwangu tukiteremka: kama huyu ndiye wa kwanza, basi alipokuwa mtoto mlima ulikuwa pori lisilo na mwenyewe. Atafidiwa viazi vyake. Karatasi itakwenda bomani Jumatatu.

Mchana huo nilimweleza mama yote, kama habari njema ya kazi iliyokwenda vizuri. Mikono yake ikasimama. Sikuwahi kuiona ikisimama chungu kikiwa nusu.

"Ulimwambia ni yeye aliyefyeka?"

"Si ndiye aliyesema, mama?"

"Mwanangu, yule amezaliwa mwaka wa nzige. Nilimpokea mimi kwa mikono hii, ni mtoto wa dada yangu. Atapandaje mkuyu?"

"Basi alidanganya."

"Alidanganya nini?" Akanitazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekaa nyumbani kwake miezi minne bila kujua mlango uko wapi. "Aliyefyeka alikufa. Akaketishwa mpwa wake mahali pake, akapewa jina lake. Naye akafa, akaketishwa mpwa. Mwaka jana ameketishwa huyu. Jina ni lile, kiti ni kile, mtu ni yule. Ulitaka aseme nini? Aseme babu fulani alifyeka, kama anasimulia habari za watu wengine?"

"Na yule mzee aliyemwamkia baba?"

"Ni mtoto wake."

"Mama!"

"Ni mtoto wa aliyekuwapo kabla yake, kwa hiyo ni mtoto wake. Na mjane wa marehemu humwita mume wangu, humpikia siku za matambiko, na hakuna anayecheka. Wewe ndiye uliyecheka."

Asubuhi ile nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwa mtu aliyekuja mlimani kabla ya babu wa babu yangu kuzaliwa, akaniambia nisikanyage viazi vyake, na mimi nikamkisia miaka thelathini. Na sasa kwa ulimi wangu uliosomeshwa, chemchemi, udongo na makaburi yake vilikuwa njiani kwenda bomani.

"Jumatatu ni keshokutwa," mama akasema. Akarudi kwenye chungu, lakini kilikuwa kimekauka upande mmoja. Akakibomoa.

Nilimkuta Mwingereza kambini kwake anapanga vipande vya ulanga mezani. Nikamwambia nimekosea.

"Hakusema 'nikafyeka mimi'?"

"Alisema 'mimi'."

"Basi umekosea nini?"

Nilihangaika. Kiingereza chote nilichokuwa nacho kilikuwa cha kusemea mtu mmoja anayezaliwa na kufa mara moja. Mwishowe nikamwomba neno moja tu: apande tena kesho kabla hajapeleka karatasi, na ukoo wa jirani uwepo. Akakunja uso. Hakuwa mtu mbaya, lakini ulanga ule ulikuwa mbele ya macho yake. Kilichomsogeza nadhani ni bwana shauri. Tangu vita ya kusini, watu walipowaasi Wadachi, boma halikutaka kelele za milimani, na karatasi itakayokanwa na mlima mzima ingemrudia usoni.

Kesho yake mama mwenyewe alipanda nasi, na alikuwa amekwisha kumwita mtani wao wa ukoo wa jirani. Koo za Waluguru zina watani wao, na mtani ana ruhusa ya kukutukana hata mazishini. Huyu alikuwa mnene, amevaa kanzu mpya ya dukani, na alianza kupiga kelele kabla hajatufikia.

"Yuko wapi huyo mwizi? Yuko wapi mla viazi vibichi? Bwana mkubwa, huyu alikuja hapa hana hata moto! Anatafuna viazi vibichi kama nguruwe, yeye na mama yake! Moto nilimpa mimi!"

"Ulinipa moto?" mndewa akajibu, ametupa jembe. "Ulinipa moshi! Mpaka leo macho yananiwasha!"

"Na shoka langu je? Msitu huu umeufyeka kwa meno? Rudisha shoka langu!"

"Lile shoka la mti? Nilikwisha kulipikia maharage!"

Watu wakacheka, hata mama. Mwingereza alinivuta mkono, akitaka kujua ugomvi huu ni wa lini. Nikamuuliza mtani, "Moto huo ulimpa lini, baba?"

Mtani akasimama wima na kutengeneza kanzu yake. Utani ulimtoka usoni.

"Kabla ya Waarabu," akasema. "Kabla ya mahindi. Tulikuwa tunakula mtama na uwele, sijavaa nguo bado, nimevaa gome la mti. Nilisimama pale kwenye ule mgongo, nikaona moshi wa kwanza wa moto wangu unapanda huku kwake. Nikajua nimepata jirani."

Nilitafsiri polepole, na mara hii niliongeza maelezo yote ya mama, jina, kiti na mpwa. Mwingereza alimtazama mtani, akamtazama mndewa, akawatazama tena, kama mtu anayetafuta mahali nguo iliposhonwa.

Kisha akauliza mkuyu uko wapi.

Makaburini palikuwa na baridi. Mkuyu ule sikuwa nimeuona kwa karibu. Mizizi yake ilikuwa imeinuka ardhini kama kuta, na juu matawi yalipotelea ukunguni, hata usijue yanaishia wapi. Mwingereza akatuambia tushikane mikono tuuzunguke. Mndewa akaanza, nikamshika mimi, mama akanishika, mtani akamshika mama. Hatukufika hata nusu. Wakaja wapagazi wawili wa Mwingereza. Bado palikuwa na pengo. Ndipo Mwingereza akavua kofia, akaiweka chini, akaja mwenyewe akaliziba, shavu lake limebanwa kwenye gome.

Tulikaa hivyo muda ambao siwezi kuukadiria. Maji yalikuwa yanasikika. Mkono wangu wa kulia ulikuwa ndani ya mkono wa mndewa, na nilihisi sugu za jembe, bado zina moto wa kazi ya asubuhi ile. Nikafikiri: huu ndio mkono uliochomeka fimbo. Kwa mara ya kwanza nikaona alichokuwa akikisema bibi mwalimu wetu katika homa zake. Mtu na mlima, ubavu kwa ubavu, urefu wake wote.

Mwingereza aliketi kwenye mzizi, akatoa karatasi ile ya kwanza, akaichana vipande vidogo, akavitia mfukoni ili asiviache makaburini. "Niandike nini?" akaniuliza.

"Andika ni wa huyu. Na kwamba amekuwapo siku zote."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mahindi, bwana."

Akaandika. Niliona kitenzi chetu kinatoka kwenye kalamu yake, na sioni haya kusema macho yalinilowa.

Boma halikumpa mteremko ule. Alichimba mgongo mwingine, mbali nyuma, penye ulanga mdogo wenye madoa, na baada ya mavuno akafunga kambi akaenda pwani. Aliponiaga alisema mimi ndiye mkalimani wa kwanza kumnyang'anya mlima, kisha akanipa mkono.

Mndewa aliniita akanionyesha kipande chini ya chemchemi. "Lima hapa. Ukitaka kuoa, oa. Watoto watakuwa wetu, wa upande wa mama yao, wewe utakuwa mkwe wetu, nasi tutakuheshimu." Nililima misimu miwili. Maharage yangu yalisifiwa. Mama alinifundisha majina ya vijito vyote vya upande ule, na asubuhi ukungu ulipofunguka nikaiona nchi nzima chini yangu mpaka Wami, nilikuwa nasahau jembe mkononi.

Na hapo ndipo penye ubaya wake. Nilikuwa naitazama njia. Mtu wa mlima haitazami njia, anatazama viazi. Niliposikia treni ikilia kule chini nilihesabu siku za kufika Tabora. Nililima kwa bidii zaidi, haikusaidia.

Siku niliyoondoka mama alikuwa anachoma vyungu, moshi umejaa uani. Hakuniuliza kwa nini. Alinipa chungu kidogo cha mkononi, bado kina joto, akasema, "Huko uendako wakikuuliza wewe ni wa wapi, usiwasumbue na kengele yako ya mapadri. Waambie tu umepita Bigwa." Kisha akageukia moto wake, maana upepo ulikuwa unabadilika.

Kabla ya kushika njia nilipanda kumuaga mndewa. Alikuwa kwenye viazi, kifua wazi, mtu wa rika langu. Nilijua nikiondoka sitarudi; najijua. Yeye hakulijua hilo, au alilijua na hakuliona kuwa na uzito.

Nikatua mzigo. Nikasema, "Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akafuta jasho kwa mgongo wa mkono. "Safari ndefu?"

"Ndefu. Pengine nitakawia sana."

"Kawia tu," akasema, akiinua jembe. "Ukirudi utanikuta."